Friji Nayo Hupumzika

Maziwa yalikuwa yamechacha tena. Dolphine alikitikisa kichupa, akakinusa, akakinusa mara ya pili kama mtu asiyeiamini pua yake, kisha akamwaga yote kwenye karai la maji machafu. Hakulia. Kulia nako kunataka nguvu, na nguvu zake alikuwa ameziacha hotelini, kwenye vitanda vya watu.

Tena basi hayo hayakuwa maziwa ya dukani, useme atanunua mengine. Yalikuwa ya kifua chake mwenyewe. Aliyakamua saa za kazi, amejifungia kwenye stoo ya mashuka, sikio moja mlangoni asije akaitwa, akayabeba kutoka Diani hadi nyumbani Ukunda ndani ya mfuko uliojaa vipande vya barafu, akayatia frijini ili kesho yake mtoto ayanywe yeye akiwa hayupo. Kichupa cha asubuhi kilikuwa salama siku zote. Cha alasiri ndicho kilichokuwa kikichacha. Kazi gani hiyo, jamani, ya kujikama mwenyewe mfano wa ng'ombe kisha jioni ukamwage karaini!

Mtoto aliitwa Mwinga, jina la babu yake mzaa baba, na hata kukaa alikuwa hajaanza. Maziwa ya kopo yalimkataa. Walipomjaribisha alitapika, akatoka vipele mwili mzima, na daktari akasema asiyaguse tena mpaka akue. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: friji ikifanya kazi, mtoto atakula na mama ataendelea na kibarua chake, friji ikigoma, ama mtoto ashinde na njaa ama mama akae nyumbani. Na kukaa nyumbani hakukuwezekana. Kombe, mumewe, alikuwa utingo wa malori ya masafa marefu, leo yuko Malaba, kesho hapatikani kwenye simu. Dolphine alikuwa amekwisha kukosa kazini kwa ajili ya hayo hayo maziwa, na Gillian, msimamizi wa usafi wa vyumba, alimwambia bila kuzunguka, "Dolphine, ukikosa tena, usirudi."

Aliyekuwa akikaa na mtoto ni mamamkwe wake, Jumwa. Alitoka Samburu, ile yetu ya kwenye barabara kuu, yenye malori na mbuzi, wala si ile ya kaskazini ambayo watu wa bara huifikiria wakisikia jina. Mama huyu alikuwa ameishi umri wake wote na mifugo, katika ardhi kavu ambayo maji yenyewe huendewa na punda, na nyumba yenye umeme aliijua kwa kupita nje yake. Alipokuja kulea mjukuu alifika na leso mbili, kibuyu, na maneno mengi. Mjukuu huyo, Jumwa alimwita "mume wangu", kwa sababu ya lile jina la marehemu mzee, na alikuwa akimgombeza kwelikweli: mume gani huyu, anajikojolea!

"Shikamoo, mama," Dolphine alisema jioni ile, akilifuta karai.

"Marahaba, mwanangu. Umekamwa leo?"

Mara ya kwanza kuulizwa hivyo Dolphine alikasirika, akaona amefananishwa na mnyama. Siku hizi alikuwa amezoea, akajua ndiyo lugha ya mapenzi ya mtu wa mifugo.

"Nimekamwa, mama. Lakini yale ya alasiri yamechacha tena."

"Ndiyo, nimeyanusa, nikamnyima mume wangu. Amelia mpaka nikalia naye." Jumwa aligeuka akaitazama friji kwa huruma. "Maskini. Ina kazi kubwa ile."

Dolphine hakuyatia maneno hayo akilini. Mtu aliyechoka husikia nusu ya anachoambiwa, na nusu nyingine humwangukia miguuni.

Friji yenyewe ilikuwa ya mtumba, fupi ya kufika kifuani, nyeupe iliyokwisha kuwa manjano, yenye kijichumba kidogo cha barafu juu. Iliwekwa pembeni mwa chumba chao kimoja, chini ya mabati yanayopika watu mchana kutwa, na ilinguruma bila kukoma. Ikinyamaza kidogo, inashtuka, inatikisika, inaanza upya. Dolphine alikuwa amekwisha kuizoea sauti hiyo kiasi cha kutoisikia.

Kesho yake hotelini alimwendea Tobias. Tobias alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa Busia, na wakati huo alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya barafu ya baa akiitukana kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa lugha ya mama yake. Maji ya kisima cha hoteli yalikuwa na chumvi na chokaa, yakaziba vitundu, na mashine ikawa inatoa vipande vyembamba vya barafu ambavyo mgeni akitiliwa kwenye glasi huyeyuka kabla hajasema asante.

"Tobi, friji yangu bado."

"Dolph, hata mimi bado. Unaona hapa?" Alimwonyesha kichujio kilichojaa uji mweupe wa chokaa. "Nimeosha jana, leo niko hapa tena. Hii Coast itaniua, walai. Haya, sema. Ile namba ya ndani umeweka ngapi?"

"Uliniambia niongeze, nikaongeza."

"Na mpira wa mlango?"

"Nilitia karatasi kama ulivyosema, nikafunga, nikaivuta. Haikutoka kwa urahisi. Mpira unabana."

Hayo yote alikuwa amefanya, na mengine. Alikuwa ameuosha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akatoa ukoko uliokuwa umeingia mikunjoni. Alikuwa amechomoa waya, akaivuta friji mbali na ukuta ipate kupumua, akakuta nyuma ule wavu wa chuma umevaa vumbi, nywele na utando wa buibui, akausugua kwa mswaki wa zamani mpaka mikono ikawa myeusi. Alikuwa ameondoa sufuria la maharage lililokuwa likiziba njia ya baridi. Kila jambo Tobias alisema ndilo lenyewe, kila jambo Dolphine alilifanya akitoka kazini na miguu imevimba, na kila jioni iliyofuata alikitikisa kichupa akakinusa akamwaga.

"Basi ni gesi," Tobias alisema, bila kumtazama. "Gesi imeisha."

"Fundi akishindwa huwa ni gesi."

Tobias alicheka cheko la mtu aliyekamatwa. "Ni kweli. Sijui, Dolph. Kichwa changu hakina hata nafasi ya kufikiria."

Dolphine aligeuka aende zake, maana vyumba vya ghorofa ya pili vilikuwa vinamngoja. Ndipo aliposema, kwa kulalamika tu, "Na hata barafu yake ina wazimu. Asubuhi naacha vipande vizuri kwenye trei. Nikirudi jioni nakuta vimeshikana bamba moja, tena limelala upande."

Tobias aliweka bisibisi chini. "Rudia hapo."

Akarudia.

"Barafu haijipindi yenyewe, Dolph. Hiyo imeyeyuka, ikaganda tena. Halafu kwani gesi ikiisha asubuhi hurudi jioni? Sasa sikiza. Leo ukifika, jaza kikombe maji, gandisha usiku. Asubuhi weka sarafu juu ya ile barafu, urudishe kikombe. Jioni uangalie sarafu iko wapi. Ikiwa bado juu, nimekosea. Ikiwa imezama chini, basi ukiwa huku friji yako inazimika."

Dolphine alifanya hivyo, akaenda kazini, akatandika vitanda akiwaza shilingi yake. Jioni hata viatu hakuvua. Alifungua kijichumba cha barafu, akakitoa kikombe, akakigeuza kwenye mwanga. Sarafu ilikuwa chini kabisa, imelala kwenye sakafu ya kikombe, na juu yake barafu changa iliyokuwa ndiyo kwanza inashika.

"Stima ilipotea leo?" alimuuliza Eunice, jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa fundi wa cherehani.

"Ingepotea ningejua. Cherehani yangu ni ya stima, na nimeshona mchana wote. Siku hizi iko tu, tushukuru."

Hapo Dolphine aliganda. Umeme upo. Friji inazimika. Mchana nyumbani huwa na watu wawili, na mmoja wao hata kugeuka kifudifudi hajui. Aliitazama swichi ya ukutani, nyekundu, juu kidogo ya friji, mahali ambapo mkono wa mtu mzima unafika bila taabu. Akakumbuka na kitambaa cha kupigia deki, ambacho kila jioni alikikuta kibichi mlangoni na sakafu inang'aa, akawa akijisemea moyoni, mamamkwe wangu ana usafi.

Usiangalie mtu amechoka ukadhani hana hasira. Hasira ya mtu aliyechoka ni mbaya, kwa sababu haina pa kukaa. Dolphine alikumbuka siku Jumwa alipofika, alivyokaa mkekani na kusema kwao mwenye mtoto mchanga hukaa ndani akala akanenepa, hatoki kutafuta. Alikumbuka alivyouliza kama hoteli haiwezi kungoja. Sasa mambo yakajipanga yenyewe. Kumbe! Mama huyu alitaka maziwa yaharibike. Maziwa yakiharibika, kazi itakwisha. Kazi ikiisha, Dolphine atafungasha, apelekwe Samburu kuchunga mbuzi. Na kwa ajili ya hayo alikuwa tayari kumliza mjukuu wake mwenyewe. Alimtazama Jumwa akimwimbia mtoto na moyo ukamwambia usiseme, mkamate.

Siku iliyofuata, saa ya wafanyakazi kula, hakula. Alimwambia Tobias, "Nafika nyumbani narudi, Gillian akiniulizia sema niko chumba cha kufulia," akapanda bodaboda na sare yake. Wageni wengi walikuwa wanafika alasiri, na alikuwa ameacha vyumba ambavyo havijaguswa. Akichelewa, basi. Lakini asipokwenda, kazi itakwisha tu, taratibu, kichupa kwa kichupa.

Jua lilikuwa utosini. Uani hapakuwa na mtu, hata kuku walikuwa wamejibanza kivulini. Dolphine alisukuma mlango kwa nguvu aliyokuwa ameitunza njia nzima.

Friji ilikuwa kimya. Swichi ilikuwa imezimwa, na mlango wa friji ulikuwa wazi, umeachwa wazi kabisa, maji yanatiririka kutoka juu na kudondokea kwenye sufuria lililotegwa. Mbele yake, kwenye kigoda, alikaa Jumwa, mtoto mgongoni, ameshika kipepeo cha mkaa, anaipepea friji.

"Mama! Unafanya nini?"

Jumwa hakushtuka. Aliweka kidole mdomoni. "Polepole. Ndiyo kwanza imetulia."

"Mtoto amelala?"

"Mtoto yuko macho, huyu hapa anakucheka. Nasema hii." Akaielekeza friji kwa kidevu.

Dolphine aliitazama friji, kisha akamtazama Jumwa. Maneno yote aliyoyapanga kwenye bodaboda yalikuwa ya kumgombeza mwizi, na hapa hapakuwa na mwizi.

"Mama, wewe ndiye unayeizima?"

"Ni mimi, nani mwingine? Wewe mwenyewe una haraka, unaifungua unaifunga, unakwenda, hujapata kuisikiliza." Jumwa alisema bila wasiwasi wowote, tena kwa fahari kidogo. "Mimi nashinda nayo. Asubuhi inakoroma. Nikiamka kwenda haja, inakoroma. Ikinyamaza, kidogo inashtuka, inatetemeka mwili mzima, inaanza tena. Mwanangu, mimi nimekaa na wanyama tangu sijajua kuvaa nguo. Kitu kikitoa sauti ile kimechoka. Mwaka wa ule ukame tulikuwa na punda wa maji, akawa anakoroma vilevile. Nikamwambia marehemu, mtue mzigo, jua likifika hapa mpumzishe. Akasema tufike kwanza. Hatukufika. Punda alianguka njiani na mitungi yote, na mwaka ule tulinywa matope."

Alikipunga kipepeo mara mbili, tatu.

"Sasa nikaona, hii ndiyo inayomlisha mume wangu. Ikianguka hii, tutafanyaje? Basi jua likifika utosini, naizima, nafungua mlango ipate hewa. Jua likipungua, wakati ng'ombe wanarudi malishoni, nafunga, naiwasha. Uliposema maziwa yanachacha, nikasema lahaula, basi imechoka kuliko nilivyodhani. Nikaiongezea mapumziko."

Loo! Dolphine alijishikiza mlangoni. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, akajaribu kukizuia, kikamtoka puani, kikamtoka mdomoni, na kilipofika mwisho hakikuwa kicheko tena. Alijikuta ameketi sakafuni kwenye ubichi, na sare yake ya hoteli, analia kwa sauti kama mtoto aliyenyang'anywa.

"Mama, friji haichoki!"

"Inafanya kazi usiku na mchana, isichoke ina nini?"

"Haichoki! Ni chuma. Imetengenezwa isipumzike. Ile si kukoroma, ndiyo kazi yake inafanya. Ukiizima, maziwa yanapata joto, yanaharibika. Ni kule kupumzika kwake ndiko kunakotumaliza, mama. Friji haichoki. Mimi ndiye ninayechoka! Mimi!"

Neno hilo hakulipanga, lilitoka lenyewe. Tangu ajifungue hakuwa amelisema kwa mtu, si kwa Kombe, si kwa Tobias, wala kwa mama yake aliyeko Butere akipiga simu kuuliza hali. Kila mtu alimjibu mzima, salama, tunaendelea. Sasa aliona aibu, akajifunika uso kwa kiganja.

Jumwa aliweka kipepeo chini. Alimtazama mkwewe kuanzia kichwani hadi miguuni, ile miguu iliyovimba ikajaa kwenye viatu, kwa jicho lile lile alilotumia kuangalia mnyama aliyerudi mnadani. Kisha akainuka. Alifunga mlango wa friji. Akabonyeza swichi. Friji ikashtuka, ikatetemeka, ikaanza kunguruma.

"Basi hii sitaigusa tena," alisema. "Nimekosa, mwanangu, unisamehe. Nimemliza mume wangu bure, na maziwa yako nimeyamwaga mimi. Lakini na wewe. Tangu nije sijakuona umekaa. Nilimuuliza Kombe, mkeo huyu halali? Akaniambia, mama, watu wa bara ndivyo walivyo, wana nguvu. Nikaamini. Kumbe nilikuwa napepea kitu kisichostahili."

Alipiga magoti, akamvua Dolphine kiatu kimoja, akamvua cha pili. Akatandika leso mkekani, mahali ambapo upepo wa mlangoni hufika.

"Mama, siwezi. Nina vyumba. Nikichelewa nimefukuzwa."

"Mnyonyeshe kwanza huyu, amekusikia. Ukimaliza utakwenda."

Hilo lilikuwa kweli. Mtoto alikuwa amekwisha kuanza kunung'unika. Dolphine alijilaza ubavu, akampa titi, na maziwa yakaja moto, yasiyohitaji barafu wala mfuko. Alijiambia akishiba tu ninaondoka. Jumwa alikaa kichwani pake na kile kipepeo cha mkaa, akaanza kumpepea, polepole. Friji ilinguruma pembeni. Kwa mara ya kwanza Dolphine aliisikia, na ilikuwa kweli, ilikuwa na sauti ya kitu kilichochoka.

Simu iliita mahali mbali sana. Aliijua, ilikuwa yake, iliita mfukoni mwa sare, na jina la anayepiga, Gillian, alilijua bila kulitazama. Aliuambia mkono uinuke. Mkono haukuinuka. Alisikia mfuko ukipekuliwa, kisha sauti ya Jumwa, ya juu, ya mtu asiyeamini kwamba simu inaweza kufika hadi Diani bila kupigiwa kelele.

"Haloo! Hujambo, mwanangu? Mimi ni mamamkwe. Dolphine? Yupo. Nimemzima." Akasikiliza. "Nimem-zi-ma! Ndiyo. Alikuwa anakoroma vibaya. Jua likipungua nitamwasha, nimlete mwenyewe."

Dolphine aliinua kichwa. Alifumbua macho. Jumwa alikuwa ameishusha simu, anaitazama.

"Amekata?" Dolphine aliuliza. "Amesema nisirudi?"

"Hajakata. Alinyamaza, nikadhani amekufa. Kisha nikasikia anacheka, halafu si kucheka tena, kama wewe ulivyofanya pale sakafuni." Jumwa alirudi kukaa, akakitwaa kipepeo. "Anasema vyumba vyako atafanya yeye na wenzako, uje jua likipoa. Na ameniuliza kitu."

"Nini?"

"Ameniuliza, nikikuleta, kama naweza kumzima na yeye kidogo."